Darubini ya Bunduki: Ya Kuonea Vyema au ya Kupigia Mbali?

Mwenye macho haambiwi tazama. Ndivyo walivyosema wazee wetu, na kwa zama zao walisema kweli. Lakini leo macho yanauzwa. Yanauzwa ndani ya bomba la madini lenye vioo huku na huku, bomba ambalo hufungwa juu ya bunduki ili mlengaji akione kilicho mbali kana kwamba kiko mbele ya pua yake. Bei ya yale yaliyo bora hupita dola 3,000, yaani hukaribia shilingi laki nne za Kenya. Ukimpa mkulima wa bara fedha hizo, atakununulia ng'ombe wa gredi wawili au watatu wa maziwa.

Msomaji wa Pwani huenda akauliza: haya yatuhusu nini sisi? Yatuhusu, na sababu nitaieleza. Kazi ya chai hunipandisha bara mara kwa mara, kwa kuwa chai inadiwayo hapa Mombasa, tangu mnada ulipohamishwa kutoka Nairobi mwaka 1969, mwanzo wake ni kule kwenye vilima vya baridi. Katika safari moja nililala Merigi, katika wilaya ya zamani ya Kericho ambayo sasa ni kaunti ya Bomet. Mwenyeji wangu ni mzee wa Kikipsigis, mkulima wa majani chai, mwenye bunduki iliyoandikishwa na leseni yake iliyo halali. Yeye hupenda kulenga shabaha uwanjani, na tena ana rafiki Tanzania aliyemwalika wakawinde huko kwa kibali. Mwanawe aliyepata kazi nzuri alitaka kumnunulia babake darubini ya bunduki, tena ile inayokuza mara 25, maana aliona ndiyo ghali kupita zote.

Basi pakazuka ubishi. Vijana wakasema kwamba kadiri darubini inavyovuta mbali ndivyo inavyozidi ubora. Wazee wakasema ni upuuzi mtupu, kwani babu zao waliwinda kwa upinde na wala hawakulala njaa. Wakanigeukia mimi, "Bwana wa Mombasa", kwa kuwa walijua kwamba nimelenga shabaha miaka mingi. Niliyowaambia ndiyo ninayotaka kuyaleta katika ukurasa huu, kwa sababu naona pande zote mbili zilianza na bei kabla ya kuuliza matumizi. Maoni yangu ni haya: kabla hujauliza darubini ipi, jiulize kwanza kile utakachokilenga kina roho au hakina. Kama hakina roho, nenda mbali upendavyo. Kama kina roho, darubini ni ya kukuonyesha vyema zaidi, si ya kukupa ruhusa ya kusimama mbali zaidi.

Tuanze na sheria, maana hapo ndipo watu wengi hujisahaulisha. Uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku nchini Kenya Mei 1977, na mwaka uliofuata biashara ya ngozi, pembe na nyara nyinginezo ikafungwa. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 imekaza kamba zaidi: si kwa mchezo wala kwa kitoweo. Kwa hiyo Mkenya anunuaye darubini ili "akawinde paa tu kidogo" pembezoni mwa msitu wa Mau, au chini huko kuelekea Mara, hanunui chombo cha mchezo. Ananunua kesi. Kwa halali amebakiwa na njia mbili: uwanja wa shabaha hapa nyumbani, au safari ya kuvuka mpaka. Tanzania nayo ilifunga uwindaji mwaka 1973 ikaufungua tena 1978, na hadi leo huruhusu kwa leseni, katika maeneo maalumu, na kwa idadi maalumu ya wanyama.

Sasa tuitazame darubini yenyewe. Ubavuni mwake huandikwa tarakimu, mathalan 5-25x50. Maana yake ni kwamba hukuza kuanzia mara 5 hadi mara 25, na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 50. Mnunuzi huiona 25 akafurahi. Lakini ipo hesabu ndogo ambayo muuzaji aghalabu haisemi. Gawanya upana wa kioo kwa idadi ya kukuza, utapata upana wa mwali wa nuru unaolifikia jicho lako. Gawanya 50 kwa 10, unapata milimita 5. Gawanya 50 kwa 25, unapata milimita 2 tu. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi karibu milimita 7. Ya mzee hufika 5 au hupungua. Maana yake nini? Jua likiwa limeshazama, wakati ule wanyama wanapotoka vichakani, mwenye kukuza mara 10 bado anamwona mnyama, ilhali mwenye kukuza mara 25 anatazama kiza kilichokuzwa.

Si hayo tu. Kadiri unavyokuza ndivyo uwanja wa macho unavyokuwa mwembamba. Kwa mara 25, umbali wa mita 100, utaona upana wa mita moja na nusu hivi. Utamwona swala, lakini hutamwona mwenziwe aliye nyuma yake, wala mchungaji anayepita kando. Kisha kila mtetemeko wa mkono hukuzwa mara 25 pia, na mchana wa joto hewa yenyewe hucheza kama maji, mazigazi yakakufanya ulenge kitu kinachoogelea. Kwa mwindaji, darubini inayoanzia mara 2 au 3 na kuishia 10 inatosha, tena ni nyepesi, yapata nusu kilo. Zile kubwa za masafa marefu hupita kilo moja, na kilo moja juu ya bunduki, alasiri, baada ya kutembea tangu alfajiri, si mzaha.

Hapo mtu atauliza: ikiwa ndogo inatosha, hizo laki nne ni za nini? Swali zuri. Fedha haziendi katika kukuza; zinakwenda katika mambo matatu. La kwanza ni nuru. Kila uso wa kioo kisichopakwa dawa hupoteza karibu sehemu 4 katika 100 za nuru, na ndani ya darubini mna nyuso nyingi. Mwaka 1935 katika kiwanda cha Zeiss, Alexander Smakula alivumbua njia ya kupaka kioo utando mwembamba unaozuia upotevu huo. Leo watengenezaji wakubwa, kama Swarovski wa Austria, Schmidt & Bender na Zeiss wa Ujerumani, au Leupold wa Marekani, hupaka tando nyingi juu ya kila kioo, hata nuru inayopita hufika sehemu 90 katika 100 na zaidi. La pili ni uaminifu wa vifundo vya kurekebishia, ambavyo nitavirudia. La tatu ni uthabiti wa bomba lenyewe, lisiingie maji wala mvuke.

Na hili la tatu tusilidharau, hasa sisi wa nchi hizi. Merigi iko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Asubuhi ni ukungu, alasiri ni mvua, na mara nyingine mvua ya mawe inayochana majani ya chai. Darubini rahisi ukiitoa chumbani penye moto na kuitia katika baridi ile, vioo vyake hujaa mvuke kwa ndani usiofutika. Iliyo bora hutolewa hewa yote ikajazwa naitrojeni kavu, isipate unyevu wa kugeuka mvuke. Huku kwetu Pwani adui ni mwingine: chumvi na unyevu. Kuvu huota juu ya kioo, akakitafuna kile kitando kilichogharimu fedha nyingi. Mwenye darubini Mombasa au Lamu asiifungie ndani ya mkoba wa ngozi miezi sita. Aitoe, aipitishe hewa, aifute kwa kitambaa laini.

Narudi kwenye umbali, maana ndipo penye kiini cha maneno yangu. Darubini huufupisha umbali wa jicho, haiufupishi umbali wa risasi. Chukua bunduki ya kawaida ya .308 iliyorekebishwa ipige sawasawa mita 100. Kwa mita 500 risasi yake huwa imeshuka zaidi ya mita moja na nusu, na njiani imetumia yapata robo tatu ya sekunde. Upepo wa ubavuni wa maili 10 kwa saa, upepo ambao hauwezi hata kukuvua kofia, huisukuma kando nusu mita na zaidi. Mlengaji hodari aweza kuyapiga hesabu hayo yote. Lakini katika robo tatu ya sekunde, mnyama hupiga hatua moja. Hatua hiyo hakuna kiwanda cha Austria wala cha Ujerumani kinachoipigia hesabu. Risasi iliyokusudiwa moyo huingia tumboni, na mnyama hukimbilia porini akafe kwa siku tatu.

Hata hewa ina neno lake. Katika vilima vya Merigi hewa ni nyepesi kuliko ya ufukweni kwa karibu sehemu moja katika tano. Bunduki iliyorekebishwa Mombasa kwa shabaha ya mbali, ikipandishwa huko, hupiga juu ya ilipolengwa, kwani risasi hupata kizuizi kidogo. Mwenye kulenga mita 100 hataona tofauti, mwenye kulenga mita 600 ataiona.

Mzee mwenyeji wangu aliniuliza swali moja la haki. "Na ikiwa mnyama yuko mita 500, nami siwezi kumkaribia?" Nikamjibu neno moja: mwache. Akacheka, akasema kuwa hivyo ndivyo hata babu yake angejibu. Na kwa kweli wawindaji wa asili wa nchi hii walijua jambo hilo pasipo kufundishwa na mtu. Waokiek wa msitu wa Mau waliwinda kwa upinde kwa kumkaribia mnyama hatua chache. Huku nyuma ya Malindi, Wawaata, ambao zamani tukiwaita Waliangulu, walikuwa na pinde ngumu za kuvutwa kwa uzito wa zaidi ya ratili 100, na mishale yao ilipakwa sumu ya msunguti. Hata hivyo walimwendea ndovu kwa kunyatia mpaka wakamsikia akipumua. Sisemi turudi huko, wala sisemi sumu ni jambo jema. Nasema kwamba kwao ustadi ulikuwa ni kukaribia. Sasa wako wanaodhani ustadi ni kuwa mbali.

Pande nyingine ya mfano ni Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, aliyeshuka Mombasa Aprili 1909. Macho yake yalikuwa mabovu, na jicho moja lilikuwa karibu kufa kabisa. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari ile, na mwenyewe alieleza katika kitabu chake kwamba alipiga risasi nyingi kutoka mbali ambazo hazikufika zilipokusudiwa. Lau angekuwa na kioo kizuri, pengine wangejeruhiwa wachache. Ndiyo maana mimi sikubaliani na wale wazee wa Merigi waliosema darubini ni upuuzi. Kioo kizuri, kikitumiwa kwa karibu, ni huruma: humwezesha mtu kumtambua dume na jike, mwenye mimba na asiye nayo, na kuiweka risasi panapopaswa. Kosa ni kukitumia kununulia umbali.

Sisi Waislamu jambo hili tumelielezwa waziwazi. Uwindaji wa kupata chakula ni halali, lakini una masharti yake. Mwindaji hutaja jina la Mwenyezi Mungu anaporusha. Akimkuta mnyama bado ana uhai, humchinja. Akimkuta amekufa ndani ya maji, hamli, kwa kuwa hajui kama ni silaha yake iliyomuua au ni maji. Yaani shaka imewekewa mpaka. Na kadiri mtu anavyopiga mbali ndivyo anavyoifungulia shaka mlango: ataufikia mzoga baada ya muda gani? Atajuaje kilichomuua? Tena yako makatazo yaliyo mazito zaidi: Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha ya kulengea. Nani leo anayefanya hivyo? Ni yule ampigaye mnyama mita 700, si kwa njaa wala kwa haja, bali apate kusimulia kwamba alimpiga mita 700. Huyo hakuwinda. Amemfanya kiumbe karatasi.

Na kama ni karatasi unayoitaka, karatasi ipo, na mchezo wake una heshima. Kulenga shabaha ni katika michezo ambayo dini yetu imeihimiza. Hapo ndipo ile darubini ya mara 25 inapopata kazi yake ya halali. Mlengaji wa masafa marefu anahitaji bomba nene, milimita 30 au 34, si kwa ajili ya nuru kama wengi wanavyodhani, bali ili ndani mpatikane nafasi ya kuinua na kushusha nyuzi kwa umbali mwingi. Anahitaji vifundo vinavyolia: kila mlio wa aina moja husogeza risasi milimita 10 katika mita 100, na wa aina nyingine karibu milimita 7. Anahitaji kifundo cha ubavuni cha kulinganisha umbali, ili nyuzi zisihame juu ya shabaha anapotikisa kichwa. Na akitaka kutumia alama za nyuzi kupimia, achague ile ambayo nyuzi zake hukua pamoja na picha, kwani zile zisizokua husema kweli katika kiasi kimoja tu cha kukuza.

Ijapokuwa hivyo, mpenda vyombo akumbuke jambo hili. Shindano la Bisley huko Uingereza, ambalo lilianzishwa mwaka 1860 kwa jina la Malkia na sasa ni la Mfalme, humalizikia kwa kulenga yadi 900 na yadi 1,000. Washindani hutumia tundu dogo la chuma, bila ya darubini juu ya bunduki. Yadi 1,000 ni mita 914. Wanaofika huko hawakununua umbali, wameufanyia kazi kwa pumzi, kwa kidole na kwa kuusoma upepo.

Kwa mnunuzi, basi, wasia wangu ni mfupi. Usiijaribu darubini dukani penye taa. Toka nje magharibi inapoingia, utazame kivuli cha mti. Hakikisha jicho lako linaona picha kamili likiwa mbali na kioo sentimita 9 hivi, na zaidi kwa bunduki kubwa kama .375, kwa sababu teke lake hupasua nyusi. Nunua pete nzuri za kuifungia, maana darubini ya laki nne juu ya pete za mia tano ni kasri juu ya mchanga. Kisha uwanjani ifanyie mtihani: piga risasi moja, zungusha milio 20 juu upige, 20 kulia upige, 20 chini upige, 20 kushoto upige. Alama zichore mraba, na ya mwisho irudi pale pale pa kwanza. Isiporudi, irudishe wewe dukani. Sisi wa chai hatununui kwa rangi ya pakiti; tunachemsha maji, tunaonja.

Wako watakaosema kwamba ninazuia maendeleo, kwamba leo viko vyombo vya kupima umbali na upepo, na mtu hodari humpiga mnyama mita 600 bila ya kukosa. Najibu kwamba asiyekosa katika karatasi mara 100 hukosa katika mnyama mara moja, na hiyo moja hubebwa na mnyama. Elimu ya kioo siichukii. Nitaichukiaje, na mmoja wa wakuu wake ni Ibn al-Haytham wa Basra, aliyeandika Kitab al-Manazir zaidi ya miaka elfu moja iliyopita na kueleza kwamba jicho huona kwa nuru inayoingia ndani yake? Hata neno darubini ni la Kiajemi, maana yake ni chenye kuona mbali. Kuona mbali, si kuua mbali.

Nasi wa Pwani tunalijua hili kila mwaka, jioni ya 29 ya Ramadhani, tunaposimama ufukweni kuutafuta mwezi. Wako wanaotaka jicho tupu, wako wanaokubali chombo. Lakini wote wanakubaliana kwamba darubini haizai mwezi: kama haupo, haupo. Vivyo hivyo haizai mlengaji. Mwenye laki nne na anunue, lakini ajue anachonunua ni kuona tu. Kule kuacha kupiga, pale asipopaswa kupiga, hakuna duka linalokuuza.